Mama Mjamzito, Usisubiri Siku Zako Zirudi

Malalamiko ni mengi na yanafanana. Mama anakuja kliniki na mtoto wa miezi saba mgongoni, anapimwa, tayari ana mimba nyingine. "Lakini nesi, sijaziona siku zangu tangu nijifungue!" Kwa ajili ya kauli hiyo tumetoa kijitabu hiki.

Yai hutoka kabla ya hedhi, si baada yake. Ukikaa unasubiri damu ndipo ujikinge, mimba inaweza kukutangulia. Asiyenyonyesha anaweza kushika mimba hata kabla ya arobaini kwisha.

Kunyonyesha huzuia mimba, ndiyo, ila kwa masharti matatu yanayokwenda pamoja: mtoto hajatimiza miezi 6, ananyonya usiku na mchana bila maji wala uji, na hedhi haijarudi. Bibi akianza kumlisha uji mwezi wa nne, kinga hiyo usiitegemee tena. Tunarudia: sharti moja likivunjika, tafuta njia nyingine siku hiyohiyo. Wapo ambao badala ya kutafuta njia hutengana, wakiamini kwamba wazazi wakikutana kimwili mtoto atabemendwa, yaani atadhoofika: mama hurudishwa kwao na baba hubaki peke yake. 

Shirika la Afya Duniani linashauri ipite angalau miezi 24 tangu kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Mimba ikiharibika, miezi 6. Mimba zikifuatana mno, mama huishiwa damu na mtoto huweza kuzaliwa njiti.

Kwa hiyo amua njia ya uzazi wa mpango ungali na ujauzito, na mwenzi wako umlete kliniki. Kitanzi, kinachokaa ndani ya mji wa mimba, huwekwa ndani ya saa 48 baada ya kujifungua. Zikipita, utasubiri mpaka wiki ya nne. Na hapana, hakipandi kwenda moyoni kama uvumi unavyodai. Kijiti cha mkononi unaweza kuwekewa kabla hujatoka wodini. Vidonge vyenye homoni mbili havimfai anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi 6. Wenye presha na maradhi mengine wamwone mtoa huduma kabla ya kuchagua njia.

Katika vituo vya serikali hapa Tanzania huduma hizi ni bure. 

Mwambie nesi aandike kwenye kadi yako ya kliniki njia uliyochagua, na kadi hiyo uende nayo leba. Uchungu ukishashika, si saa ya kuanza kuelimishwa.