Kucheka Kwako si Kumsahau

Mdogo wangu wa Bweyogerere, barua yako nimeisoma mara tatu. Umenieleza kwamba miezi saba imepita tangu mumzike kaka yako, aliyegongwa akiwa kwenye boda, na kwamba Jumapili iliyopita, mkiosha masufuria na akina mama wa munno mukabi, kikundi chenu cha kusaidiana misibani, kwenye msiba wa jirani, ulicheka hadi ukashika mbavu. Usiku ukalia kwa aibu. Unaniuliza kama moyo wako umeota sugu.

Haujaota, mpenzi. Baganda wana okwabya olumbe, siku ya kumaliza msiba: mrithi anasimikwa, watu wanakula, ngoma inapigwa. Wazee walioiweka siku hiyo hawakuwa wakatili. Walijua msiba nao unahitaji siku ya kutolewa nje ya nyumba.

Tena nataka nikukumbushe Noerine Kaleeba. Mumewe, Christopher, alifariki Januari 1987 kwa UKIMWI, ugonjwa ambao Kampala nzima iliuita silimu, kwa jinsi ulivyokondesha watu. Noerine alikuwa mtaalamu wa tiba ya viungo pale Mulago, mama wa mabinti wanne. Christopher aligundulika kuwa mgonjwa akiwa masomoni Uingereza. Waliporudi nyumbani walikuta woga: watu wakiogopa hata kumshika mgonjwa mkono. Mama yule angeweza kufunga mlango wake, na nani angemlaumu? Lakini walikuwapo wenzake, pamoja naye jumla yao 16, wengi wakiwa wenyewe na virusi, waliokuwa wakikutana kufarijiana. Mwaka uleule kikundi hicho kikawa TASO, shirika la kuwasaidia wenye UKIMWI. Dawa za kurefusha maisha hazikuwapo. Waliokuwa wakiwahudumia wagonjwa ndio hao hao waliokuwa wakizikwa. Kati ya wale 16, 12 walifariki kwa ugonjwa huo. Na bado TASO ikawa na vikundi vya ngoma na maigizo, watu wenye virusi wakiimba na kucheza mbele ya umati, wakieleza habari zao kwa sauti zao wenyewe. Hapo ndipo ninapokuomba uutazame tena ule mcheko wako kwenye masufuria.

Sasa nikuonye kuhusu kukimbilia kujitolea, maana hili nililipata kwa machungu. Mama yangu alipofariki, hata wiki mbili hazijaisha, nilijiandikisha kulisha wagonjwa wasio na ndugu katika hospitali moja hapa mjini. Nilidhani nikijichosha nitalala. Siku ya tatu nikamkuta bibi kitandani amejifunga leso kama ya mama, fundo lilelile begani. Bakuli la uji likaniponyoka. Mama mmoja mzee, naye wa kujitolea, akapiga magoti akaufuta ule uji bila kusema neno, kisha akanishika kiwiko akanitoa nje. "Mwanangu, nenda ukalie kwanza," akaniambia. "Wagonjwa utawakuta."

Nilirudi baada ya miezi mitano. Furaha haikunijia kama ya harusini. Bibi mwingine alinisuta kwamba uji wangu hauna sukari, nikatoka mbio kwenda dukani, na njiani nikashtuka: tangu mama aondoke, sikuwa na mtu wa kumkimbilia hivi.

Kwa hiyo lile wazo lako la kuwahamasisha vijana wa boda wavae helmeti, na kumpa abiria ya kwake, nalipenda kwa moyo wote. Ila usianze kwa kusajili shirika wala kuchapisha fulana zenye picha ya kaka. Nenda kwenye stegi, kile kituo cha boda alichokuwa akipandia. Msalimie mwenyekiti wa stegi kwa heshima, mwambie wewe ni dada yake nani, kisha usikilize. Kwa nini helmeti ya abiria inaning'inia kwenye usukani? Huenda ni jasho la watu, huenda ni nywele zilizosukwa jana, huenda abiria mwenyewe ndiye anayekataa. Hayo utayajua ukikaa pale na soda yako, na vijana wakikuzoea watakusaidia kuyatatua.

Usiende peke yako, chukua mmoja wa wale akina mama wa masufuria. Na usikubali kusimulia ile ajali kila mara unapoombwa. Wiki nyingine zungumzia helmeti tu, basi, uende nyumbani. Ukiona hulali, huli, na kujitolea kumekuwa njia ya kuikwepa nyumba yenu, tafuta mshauri nasaha kwanza, uzungumze naye. Stegi haihami.

Jambo moja limenisumbua tangu juzi. Barua yako ina kurasa nne, umeniandikia aina ya boda, saa ya ajali, hata rangi ya shati. Jina lake hukuliandika. Ukinijibu, dada'ako naomba uanze nalo, na uniambie alikuwa akichekeshwa na nini.