Usimfiche baba funguo za gari

Binti wa Moshi, barua yako imenifika. Baba yako ana miaka 76, bado anajiendesha mwenyewe kutoka mjini hadi Marangu, na tangu siku alipokata kulia nusura amgonge bodaboda, wewe usingizi huna. Kaka zako wanataka funguo zifichwe, mzee adanganywe kwamba gari ni bovu. Unauliza kama hiyo ni dhambi.

La dhambi mwulize mchungaji wako. Mimi nakwambia ni kosa. Baba yenu atagundua tu, na kitakachomuuma ni kwamba watoto aliowasomesha walimkalia kikao nyuma ya mgongo wake.

Halafu umeandika kwamba uzee umemharibu. Taratibu, mwanangu! Wapo wazee wengi wanaoendesha kwa uangalifu kuliko hao kaka zako. Kinachobadilika ni mambo mahususi, na mengine yanatibika. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea takriban theluthi tu ya mwanga unaolifikia jicho la kijana wa miaka 20. Basi usiku unapoona amepigwa taa na basi akapunguza mwendo mpaka karibu asimame, usidhani amezubaa. Haoni, na macho yake yanachelewa kurudi. Shingo nayo ikikakamaa, hageuki vya kutosha. Na kukata kulia mbele ya magari yanayokuja ndiko kunakowashinda madereva wengi wa umri wake, maana lazima dereva apime umbali, mwendo wa mwenzake na nafasi iliyopo, vyote kwa mpigo.

Kwa hiyo anzeni na macho. Hospitali ya KCMC mnayo hapohapo Moshi. Kama ni mtoto wa jicho, upasuaji wake kwa kawaida haumalizi hata saa moja, na utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002 ulionyesha kwamba wazee waliofanyiwa walipata ajali karibu nusu ya zile za wenzao ambao hawakufanyiwa. Kama ni presha ya macho, hiyo hula uwezo wa kuona pembeni kimyakimya, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Msingoje. Mbebe na dawa zake zote daktari azione: zipo za mafua zinazoleta usingizi, na za kisukari zinazoweza kushusha sukari akiwa barabarani.

Kuzungumza naye, nenda wewe peke yako. Mwambie, "Baba, siku ile ya bodaboda niliogopa sana." Kisha nyamaza umsikilize. Huenda yeye aliogopa kuliko wewe, ila hakuwa na wa kumwambia. Mwulize gari analihitaji kwa safari zipi: kanisani, msibani, kuangalia migomba yake. Za mchana mkutane katikati kwa kadiri daktari atakavyosema. Za usiku, kaka zako wapange zamu ya kumpeleka, na wafike kwa wakati bila kunung'unika.

Ila akianza kupotea njia aliyoizoea, au akikanyaga mafuta akidhani ni breki, hapo hakuna tena cha zamu. Aache kuendesha siku hiyohiyo, hata akikasirika. Yule kijana wa bodaboda naye ana watu wanaomsubiri nyumbani.

Mpeleke kliniki ya macho wiki hii, na kabla hamjatoka umwambie wazi unampelekea nini.