Lisomo la jiografia: Mto Mackenzie na majina yake



Sisi wa kalasi ya sita tunawaletea mto mmoja wa kaskazini kabisa, kule Canada. Kwenye karta unaitwa Mackenzie.

1. Njia yake. Unatoka katika ziwa Great Slave, unakwenda kaskazini kilometa 1738 mpaka Bahari ya Aktiki. Bonde lake ni karibu nusu ya bonde la mto wetu Congo.

Kwetu mvua ndiyo inajaza mito. Kule ni barafu. Miezi mingi mto uko umeganda, hata motokari zinapita juu yake. Mwezi wa tano joto linaanza kusini, barafu inapasuka. Lakini chini, upande wa kaskazini, barafu ingali ngumu. Vipande vinashuka, vinakwama, vinafunga njia kama ukuta, na maji yanapanda mpaka kwa nyumba za watu. Juu ya nini? Juu mto huu unayeyuka kichwa mbele ya mkia.

2. Majina yake. Katika 1789 Alexander Mackenzie, Mskoti wa biashara ya ngozi, alishuka mto huu. Alitafuta Bahari ya Pasifiki, akafika Aktiki. Awgeenah, mkubwa wa Wachipewyan, alimwongoza na kumtafsiria. Lakini mto ukapewa jina la Mackenzie.

Wenyeji Wadene wanauita Dehcho. Wainuvialuit wa karibu na bahari wanauita Kuukpak. Yote mawili maana yake ni Mto Mkubwa. Na ile Slave ya ziwa ni "mtumwa": Wakree ndio waliwaita hivyo adui zao wa kule.

3. Na kwetu? Wareno walisikia neno la Kikongo "nzadi", ni kusema mto, wakaandika Zaire. Katika 1971 mto na inchi vikaitwa Zaire. Katika 1997 Congo ikarudi. Lakini juu ya Kisangani watu wanasema Lualaba tu.

Jina la wenyeji linaishi kama watu wanalisema. Katika 2012 daraja kubwa lilifunguliwa juu ya mto ule, nalo linaitwa Deh Cho. Lakini vijito vyetu vingi haviko kwenye karta yoyote. Wazee wakienda, majina yatakwenda nao.

Maulizo (jibu katika kaye yako):
a) Juu ya nini Mackenzie inafurika wakati wa barafu kuyeyuka?
b) Wakati wa vakansi, uliza wazee majina ya vijito vitatu vya kwenu, na maana yao. Andika yote.