Maana ya Neno “Adjust” Kwenye Mizani

Katika masoko ya Lushoto, kuanzia Soni hadi Lukozi na Mlalo, wakulima huuza viazi, karoti na kabichi kwa wafanyabiashara wanaosafirisha mazao hayo kupitia Mombo kwenda Tanga na Dar es Salaam. Kwenye baadhi ya mizani za mshale, karibu na kitufe cha kuzungusha, limeandikwa neno la Kiingereza “adjust”. Tunalieleza hapa kwa sababu asiyelielewa huweza kupunjwa huku akitazama.

Maana yake. “Adjust” ni kurekebisha, yaani kukirudisha kitu katika hali yake sahihi. Si kupunguza, wala si kukadiria. Kitufe hicho kimewekwa ili mshale wa mizani tupu usimame kwenye sifuri. Mshale ukianzia chini ya sifuri, muuzaji hupunjwa. Ukianzia juu yake, mnunuzi hulipia uzito asioupata.

Mfano. Tuseme mshale umeanzia kilo 2 chini ya sifuri, na mkulima anapima magunia 30, moja baada ya jingine. Atakuwa ametoa kilo 60 bila malipo. Kwa bei ya shilingi 800 kwa kilo, amepoteza shilingi 48,000.

Matumizi yake. Kurudisha mshale kwenye sifuri ni wajibu wa mwenye mizani, mbele ya mwenzake, kabla ya kupima. Kutengeneza mizani iliyoharibika ni kazi ya fundi mwenye leseni. Baada ya matengenezo, mizani hiyo sharti ihakikiwe na Wakala wa Vipimo kabla ya kutumika tena katika biashara. Hivyo kurekebisha si kuhakiki: fundi husahihisha, mkaguzi huthibitisha.

Aidha, lumbesa si marekebisho ya bei. Chini ya Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, hairuhusiwi kufungasha mazao ya shamba kwa uzito unaozidi kilo 100.

Kabla ya kukubali uzito wowote:

1. Tazama mizani ikiwa tupu.
2. Tafuta stika ya uhakiki ambayo muda wake haujapita.
3. Mshale usipokuwa kwenye sifuri, sema: “Tafadhali, rekebisha kwanza.”

Ukikataliwa, usipakie mzigo. Toa taarifa katika ofisi ya Wakala wa Vipimo, Mkoa wa Tanga.