Mswaki wa Umeme: Je, Kichwa Chake Huzunguka?

Aghalabu mtu akiulizwa jinsi mswaki wa umeme unavyofanya kazi, hujibu kwamba kichwa chake "huzunguka". Kitenzi hicho kinapotosha. Kinachozunguka ni mota iliyomo mpinini. Kichwa chenyewe, katika miswaki yenye kichwa cha mviringo, hugeuka kidogo kushoto kisha kulia, pasi na kukamilisha duara. Baina ya viwili hivi pana gia na mkono mdogo wa kugeuza mzunguko kuwa mwendo wa kwenda na kurudi. Aliyewahi kutazama cherehani anaifahamu kazi hii: gurudumu huzunguka ilhali sindano hupanda na kushuka.

Ipo miswaki isiyohitaji gia. Ndani yake mna koili na sumaku. Mkondo wa umeme ukibadilishwa mwelekeo upesi upesi, sumaku huvutwa na kusukumwa, nazo nywele za mswaki hutetema. Sonicare, uliotokea Marekani mwaka wa 1992, ni wa jamii hii, na nywele zake hupiga takriban mara 31,000 kwa dakika.

La kustaajabisha zaidi ni kuchaji. Mpini umezibwa maji yasiingie. Aghalabu hauna hata tundu la waya. Umeme basi unapitia wapi? Kwa hakika haupiti. Chaja ina koili ambayo, ikipitiwa na mkondo geu, huzua uga wa sumaku unaobadilikabadilika. Uga huo ukiifikia koili ya pili iliyomo mpinini, huzalisha humo mkondo mwingine, ambao hunyooshwa kabla ya kuingia betrini. Kanuni hii aliidhihirisha Michael Faraday, Mwingereza, mwaka wa 1831, na ndiyo inayotumika katika transfoma za nguzo za umeme mitaani mwetu.

Mota, gia, koili na chaja ni maneno ya mkopo, na hayajatudhuru. Kwa maoni yetu, mashaka yamo katika vitenzi. Mfasiri wa maelezo ya matumizi akiandika "sugua meno", atakuwa amemwelekeza msomaji kuukandamiza mswaki na kuumiza ufizi. Mswaki huu hausuguliwi: huegemezwa taratibu penye mpaka wa jino na ufizi, ukahamishwa jino baada ya jino kwa muda wa dakika mbili. Afadhali "egemeza" na "hamisha". Nao msemo "piga mswaki" ubaki ulivyo, kwani "piga" hapo haijawahi kumaanisha kugonga.