Unauza kapeti za gari? Uliza mguu kabla ya rangi

Mteja wa Mkokotoni anakuandikia: "Kapeti zimechakaa, na mguu wangu mmoja hauna nguvu." Usikimbilie kumtumia picha za rangi. Muulize: gari gani, la mwaka gani, na pedali anakanyaga kwa mguu upi?

Kapeti isiyolingana na gari huteleza ikabana pedali ya mafuta. Mwaka 2009 Toyota ilitangaza kurekebisha magari kama milioni 3.8 Marekani kwa sababu hiyo. Asiyeweza kuinama ndiye wa hatari zaidi.

Muuzie yenye matundu ya vishikizo. Ya zamani itolewe kwanza, zisipandane. Ukipeleka mzigo, mfungie mwenyewe, kisha jaribuni pedali zote injini ikiwa imezimwa. Hapo umeuza usalama, na mteja atarudi.