Fremu za Kobalti kwa Leza: Fanya Hivi, Usifanye Hivi

Leza huyeyusha unga wa kobalti na kromi tabaka kwa tabaka. Kila tabaka hupoa ghafla na kulivuta la chini yake. Mvutano huo hubaki ndani ya fremu ya meno bandia. Huuoni, lakini ukianza kukata utaukuta.

FANYA

Pasha fremu moto tanuruni ili mvutano ulegee, ikiwa bado imeshikamana na bamba ilipochapishwa. Wako wanaokata kwanza kwa sababu mteja ana haraka. Fremu ya taya la juu ikiachiliwa hivyo hujikunja, na ukiiweka juu ya modeli inacheza kama meza yenye mguu mfupi. Hapo ndipo fundi huchukua koleo na kuanza kuinyoosha! Itupe, chapisha nyingine.

Fuata karatasi ya maelekezo ya unga wako, si ya jirani. Mtengenezaji mmoja ameandika nyuzi karibu 800, mwingine zaidi ya 1,100. Hawakubahatisha, na wewe usibahatishe.

Tumia gesi ya agoni. Hewa huivalisha fremu oksidi nene nyeusi, na kauri haishiki vizuri juu ya uchafu huo.

USIFANYE

Usiache fremu saa nyingi kati ya nyuzi 650 na 950 ukidhani unailegeza. Dakika zilizoandikwa ni dakika, si usiku kucha. Katika joto hilo atomu hujipanga upya, kutoka mpangilio wa mchemraba kwenda wa pembe sita. Ugumu unapanda, uwezo wa kupinda unashuka. Kishikizo kinachokumbatia jino hupinda kila mgonjwa anapovaa na kuvua, asubuhi na usiku, miaka mingi. Kikiwa kigumu kupita kiasi kitakatikia mdomoni. Ndiyo maana ISO 22674 inataka hata aloi za aina ya 5, zilizo imara kuliko zote, zirefuke angalau 2% kabla ya kukatika.

Usikimbilie 1,200 pia. Chembe mpya hukua, alama za leza hufutika, chuma hulainika. Kishikizo kitapinda, kisirudi.

Usilitume tanuru kuziba matundu ya uchapishaji mbovu. Joto peke yake haliwezi. Panahitajika pia shinikizo la gesi, kwa kawaida megapaskali 100 hivi, na hata hilo haliyazibi matundu yaliyo wazi kwa nje.

Usichomoe kazi ikiwa bado nyekundu. Itapinda tena.

Usisage bila kifyonza vumbi. Vumbi la kobalti huharibu mapafu, na barakoa ya kitambaa hailizuii.